Uwanja wa Nyasi wa Baba: Tuliyojifunza Kwenye Udongo wa Mfinyanzi



Ndugu zetu wasomaji, wazazi kwa wanafunzi, leo tumeona tuwaandikieni kuhusu jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo: nyasi za uani. Sisi ni ndugu watano, wake kwa waume, tuliozaliwa na kulelewa Uganda, katika nyumba iliyo kando ya njia ya kuelekea Entebbe, upande wa Kajjansi. Tunaandika kwa pamoja kwa sababu kosa tulilifanya pamoja, na kulitengeneza pia tumelitengeneza pamoja. Tunataraji yatawafaa wale wenye udongo kama wetu, na hata wasio nao.

Uwanja wenyewe

Anayeijua Kajjansi anajua kuwa ni mahali pa udongo wa mfinyanzi. Kiwanda cha Uganda Clays kipo hapo tangu mwaka 1950, na nyumba nyingi za Kampala zimeezekwa kwa vigae na kujengwa kwa matofali yaliyotoka kwenye bonde hilo. Udongo unaofaa kwa tofali ndio huo huo uliopo uani kwetu. Ukilowa unanata kwenye viatu hadi unatembea kama umefungwa mawe, na ukikauka unapasuka nyufa za kuingia kidole.

Marehemu baba yetu, Allaah Amrehemu, alipohamia hapo mwaka 1996 alikuta magugu na lumbugu. Kila jioni akitoka kazini alikuwa akichukua jembe na kulima kipande. Alitia samadi ya ng'ombe, akatia majani makavu, na mwishowe akapanda paspalamu, zile nyasi zinazoonekana kwenye nyua nyingi za Kampala. Uwanja ulikuwa wa mita 12 kwa mita 9. Haukuwa mkubwa, lakini ndio uliokuwa sebule yetu halisi. Ijumaa baada ya Alasiri mikeka ilitandikwa hapo, chai ikateremshwa, na jamaa waliotoka mjini wakaja kuketi. Sisi wote tulisomeshwa Juzuu Amma hapo. Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, wajukuu walisoma hapo takriban miaka miwili, kila mtoto na daftari lake, na Mama akiwa kwenye kiti chake pembeni akiwaangalia.

Baba hakuwahi kuuona mwaka huo, kwani alifariki mwaka 2019. Lakini uwanja wake uliwafaa wajukuu zake, na hilo tulikuwa tukilisema mara kwa mara bila ya kulifikiria sana.

Tulivyouharibu

Mwaka 2022 tuliamua kujenga vyumba vinne vya kupangisha upande wa juu wa kiwanja, ili Mama awe na kipato chake bila ya kungoja kwetu kila mwezi. Nia ilikuwa njema na vyumba vipo mpaka leo, AlhamduliLlaah. Ila katika miezi ile mitano ya ujenzi hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria nyasi. Malori ya mchanga na mawe yalipita juu yake. Saruji ilichanganywa juu yake. Na shimo la maji taka lilipochimbwa, urefu wake mita tatu kwenda chini, vibarua waliuliza udongo upelekwe wapi, na sisi tukajibu: “Utandazeni hapo uani, tutapanda nyasi mpya.”

Jibu hilo la maneno machache lilitugharimu mwaka mzima na zaidi.

Desemba 2022 tulinunua mapande ya paspalamu, yale yanayokatwa na udongo wake na kuuzwa kando ya barabara, tukayatandika kama mkeka. Siku hiyo kulipendeza sana, na picha tukapiga. Tukawa tunamwagilia asubuhi na jioni. Baada ya wiki sita tulianza kuona manjano. Tukadhani ni njaa, tukatia yurea. Ikazidi. Mwezi wa Februari jua lilipokuwa kali, mapande yale yalijikunja pembezoni kama chapati iliyosahauliwa kwenye moto, na tulipoyavuta yakanyanyuka yote kwa mkono mmoja. Mizizi haikuingia chini hata urefu wa ukucha.

Kisha mvua za Machi zikaja, na uani kukawa ziwa. Maji yalisimama siku tatu, nne, yakageuka kijani na kunuka uchachu.

Mwezi wa Aprili 2023, Mama alitoka alfajiri kufuata ndoo aliyoiacha nje. Aliteleza. Alivunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Hatutaki kulirefusha hili. Tunasema tu kwamba mkono ulifungwa plasta wiki sita, na alipofunguliwa hakutoka tena uani. Kiti chake alikiingiza ndani. Tukimuuliza, anasema: “Nje kuna nini cha kutazama?” Hakutulaumu hata mara moja, na ingelikuwa afadhali angetulaumu.

Hajji wa nyumba ya chini

Tulikutana kushauriana. Kaka yetu mkubwa alitaka tuweke matofali ya saruji uwanja mzima, yaishe. Hoja yake ilikuwa na uzito: hakuna tope, hakuna kukata nyasi, na Mama hatateleza. Dada zetu wakasema Mama hatakaa juu ya saruji lenye joto. Tukabishana, na tunakiri kuwa sauti zilipanda kuliko inavyostahiki baina ya ndugu, tena Mama akiwa chumba cha pili.

Katika hali hiyo ndipo jirani yetu wa nyumba ya chini alipobisha hodi. Ni mzee wa miaka themanini na ushei, sote tunamwita Hajji. Alikuja kwa adabu, akamjulia hali Mama kwanza, kisha akasema: “Wanangu, sikuja kugomba. Lakini tangu mlipojenga, maji yenu yanaingia jikoni kwangu. Mvua ya juzi mke wangu amepika amesimama kwenye maji.”

Tuliona haya. Miezi yote ile tulikuwa tukiangalia nyasi zetu, wala hatukuuliza maji yanayoondoka kwetu yanakwenda wapi. Na kama tungeweka saruji, maji yote hayo yangelimfuata yeye. Kaka mkubwa mwenyewe ndiye aliyesema: “Hajji, tusamehe. Tuelekeze la kufanya.”

Wala hatukujua kuwa tumemuuliza aliye hasa. Ujanani Hajji alifyatua matofali bondeni kwa miaka mingi. Kesho yake alikuja na fimbo yake, akainama, akachukua donge la udongo, akalilowesha na kulikanda baina ya kidole gumba na cha shahada. Udongo ukatoka utepe mrefu kama mkanda, bila ya kukatika. Akasema: “Huu ni wa tofali. Nyasi gani itakaa juu ya tofali?”

Mmoja wetu kwa kutaka kuonesha kuwa amesoma akasema: “Lakini Hajji, wahenga wamesema, udongo uwahi ungali maji.” Akacheka. “Hiyo ni methali ya mfinyanzi. Mfinyanzi anataka udongo ushikane usiachane tena. Mkulima anataka uachane. Ukiutia jembe au mguu ungali maji, umeshafinyanga chungu. Ungojeni.”

Tulichokikuta chini

Kabla ya kununua chochote, tulifanya majaribio matatu ambayo hayagharimu kitu, na tunamshauri kila mtu aanze nayo.

La kwanza ni chupa. Tulijaza udongo theluthi moja ya chupa inayoona ndani, tukatia maji na tone la sabuni, tukatikisa sana na kuiweka dirishani. Mchanga hutua katika dakika ya kwanza. Tope laini hutua baada ya saa chache. Ama mfinyanzi hasa, ambao chembe zake ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu za milimita, hukaa ukielea hata kesho yake. Chupa yetu asubuhi ilikuwa bado kama chai ya maziwa, na mchanga uliotua ulikuwa mstari mwembamba tu.

La pili ni shimo la kupima maji. Tulichimba sentimita 30, tukalijaza maji yakanywewa, tukalijaza tena magharibi. Asubuhi maji yalikuwa yamepungua upana wa vidole viwili. Udongo mzuri hunywa kiasi hicho kwa saa moja au mbili.

La tatu ndilo lililotubadilisha. Tulichimba mahali patano mpaka nusu mita, ili tuone matabaka. Juu kulikuwa na mabaki ya mapande tuliyonunua. Chini yake udongo wa kijivu na manjano, mgumu, hauna mzizi wala mnyoo, pengine unene wa sentimita 10, pengine 25. Huo ndio uliotoka kwenye shimo la maji taka. Na chini yake tena, mstari mweusi. Tukauchokoa kwa kisu. Ulikuwa na mizizi mikavu ya paspalamu ndani yake, imebanwa, imekufa, lakini ipo.

Ulikuwa ni udongo wa Baba. Ile miaka yake ya jembe na samadi haikupotea, tuliifukia tu kwa mikono yetu. Tulisimama pale shimoni hatuna la kusema. Kaka mkubwa, ambaye ndiye aliyetaka saruji, alikwenda akamwita Mama. Akatoka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akiegemea bega la mjukuu. Aliuangalia ule mstari mweusi, akasema: “Huo ndio wenyewe.” Akarudi ndani. Suala la saruji halikuzungumzwa tena.

Kutokana na mashimo hayo tulifahamu na jambo la Hajji pia. Uwanja wa Baba ulikuwa umeinama kuelekea mfereji wa barabarani. Sisi kwa kutandaza udongo wa shimo tuligeuza mwinamo, maji yakaelekea ukutani kwa jirani. Na juu ya hayo, paa la vyumba vipya halikuwa na gata. Tulipiga hesabu: paa la mita 60 za mraba, mvua moja ya milimita 40, ni lita 2,400, yaani madumu 120 ya lita 20. Madumu 120 tulikuwa tukiyamwaga juu ya nyasi kwa mvua moja, kisha tukiuliza kwa nini zinaoza.

Kwani mizizi, ndugu wasomaji, inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Kwenye mfinyanzi uliokanyagwa na malori nafasi za hewa zimebanwa, na zilizobaki zikijaa maji mzizi unakosa pumzi. Ule umanjano tuliodhani ni njaa ulikuwa ni kukosa pumzi, na sisi tulikuwa tukiongeza maji na yurea.

Ushauri tuliopewa na tusioufuata

Wengi walitushauri tumwage mchanga. Tulipiga hesabu ya hilo pia. Kuubadilisha udongo wa sentimita 15 za juu katika uwanja wetu ni mita za ujazo 16 na zaidi, na ili mchanga ufanye kazi unatakiwa uwe zaidi ya nusu ya mchanganyiko. Ni malori, si matoroli. Ukitia kidogo, chembe za mfinyanzi hujaza nafasi baina ya chembe za mchanga na udongo unazidi ugumu. Hajji alilisema kwa ufupi: “Nasi tulitia mchanga kidogo, tofali lisipasuke.”

Dukani tuliambiwa tununue jasi. Tulipopeleka sampuli kwenye maabara ya udongo ya Kawanda, tulielewa kuwa jasi hufaa pale mfinyanzi ulipojaa sodiamu, hasa nchi kavu zenye chumvi, na wetu si huo. Wetu ulikuwa na asidi, nao paspalamu wanaivumilia. Hivyo pesa ya jasi ikabaki mfukoni.

Kilichobaki ni kile alichokifanya Baba, yaani vitu vilivyooza. Mboji huzishika chembe za mfinyanzi zikawa madonge madogo madogo, baina yake hewa na maji hupita, na minyoo huja kuendeleza kazi.

Kazi yenyewe

Tulianza na mboji mwezi wa Mei 2023, kwani inataka muda. Kampala maganda ya kahawa hupatikana kwa bei nafuu, nayo matandiko ya mabanda ya kuku vile vile. Tulilundika magunia 60 ya maganda kwa 20 ya matandiko ya kuku, pamoja na majani na maganda ya matoke ya jikoni, tukawa tunageuza kila wiki mbili. Watoto waliipa kazi hiyo jina la “kugeuza pilau”, kwa mvuke uliokuwa ukitoka.

Mwezi wa Julai ukame uliposhika, tuliondoa udongo wa shimo. Hii ndiyo iliyokuwa kazi nzito. Toroli zaidi ya 300, siku kumi na moja, sisi na vibarua wawili, na mashemeji wakija mwisho wa wiki. Vijana wa matofali wa bondeni walikuja kuuchukua bure, nao wakafurahi. Tulipofika kwenye ule mweusi tulisimamisha machepe, tukaendelea kwa reki.

Fundi alikuja na mpira wake wa maji wa kupimia usawa, akatuthibitishia kuwa mwinamo wa zamani umerudi: sentimita 14 katika mita 9, kuelekea barabarani. Tukafunga gata kwenye paa na tangi la lita 5,000, na chini ya ukuta wa vyumba tukachimba mtaro wa kokoto wa kupeleka maji ya ziada kwenye mfereji. Bomba la kutawadhia nalo tulilihamisha, maana lilikuwa likimwaga pale pale kila Swalah.

Mwisho wa Agosti, kabla ya mvua, tulilainisha udongo wa Baba uliobanwa. Hapa ndipo tulipoufuata usia wa Hajji. Kila asubuhi mmoja wetu alichukua konzi ya udongo, akaibana, kisha akaiangusha. Ikibaki donge linalong'aa, tunarudi ndani. Ikitawanyika, tunaingia kazini. Siku nne tulirudi ndani. Siku ya tano tukatia uma wa bustani, kila shubiri moja, tukiunyanyua udongo upasuke bila kuupindua. Kisha tukatandaza mboji na kuichanganya na sentimita 15 za juu. Hesabu ilitaka toroli 90 ili kupata unene wa sentimita 5. Sisi tulipata 50 tu, kwani mboji ikiiva husinyaa. Tukaridhika na sentimita 3.

Zikabaki nyasi. Hatukutaka tena mapande ya kutandika, kwani huja na udongo wake, na mizizi huridhika na kilichopo, haivuki kuingia udongo mgeni. Tulitaka vipande vya mizizi tupu, vya kuchomeka. Tulikuwa tunapanga kununua, Hajji akatuambia: “Mnanunua nini? Nyasi zangu ni za baba yenu. Mwaka aliopanda alinipa gunia.” Akatukatia eneo la mita sita za mraba nyuma ya nyumba yake. Tukaziosha udongo, tukazigawa, tukazichomeka kila sentimita 15. Watoto walihesabu mpaka vipande 4,800, na sisi tumeiachia hesabu hiyo kama walivyoitoa.

Tuliyokosea tena

Msidhani kuwa baada ya hapo mambo yalinyooka. Mvua za vuli za mwaka 2023, zile zilizokuja na El Niño, zilikuwa nyingi, na kona moja ya chini ilichukuliwa yote. Tulipanda upya mara mbili. Lakini jikoni kwa Hajji hakuingia maji. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza tulikwenda na tochi kuangalia, tukamkuta naye yupo nje na tochi yake, anaangalia.

Kosa la pili: mboji ilipopungua, tulimalizia kipande kimoja kwa maganda mabichi ya kahawa. Kikawa manjano miezi mitatu. Vijidudu vinavyoozesha maganda huchukua naitrojeni yote iliyopo, na nyasi hubaki hazina kitu. Kitu kibichi kitiwe lunduni kwanza, si kwenye mizizi.

Kosa la tatu lilikuwa la furaha. Idi ya Mfunguo Mosi, Aprili 2024, wageni walikuja wengi, mvua ilikuwa imenyesha usiku, na kwa kuona haya hatukumzuia mtu kuegesha gari. Magari mawili yaliacha mifereji ya kina cha kiganja. Kuitengeneza kulichukua wiki tano. Sasa kuna kamba mlangoni, na mvua ikinyesha kamba hufungwa, awe mgeni awe mwenyeji.

Hali ilivyo leo

Uwanja leo ni wa kijani, ila si sawa na wa Baba. Chini ya mfenesi nyasi zimekataa kabisa, kwani paspalamu anapenda jua. Tumeacha kubishana na kivuli. Hapo tumeweka kokoto na benchi. Lumbugu hutokea kila msimu na hung'olewa kwa mkono. Mwanzo wa kila mvua tunatia uma na kutandaza mboji iliyochekechwa, unene wa sentimita moja tu, na minyoo huimaliza kabla ya mwezi.

Mama alichukua muda. Nyasi zilikuwa zimeshafunga zote na bado kiti kilikuwa ndani. Ijumaa moja ya mwezi wa Juni 2024, baada ya Alasiri, tulitandika mikeka kama kawaida, hatukumwita. Akatoka mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akakanyaga taratibu kama anayepima. Kisha akamwambia mjukuu: “Kamletee Jaja kiti chake.” Na baada ya kukaa: “Mtumieni Hajji chai.”

Nasaha kwa ndugu wasomaji

Tunafupisha kwa wenye haja:

1. Mkijenga, kwanza chonga na kulundika pembeni udongo wa juu, sentimita 20. Na udongo utokao shimoni usitandazwe uani kabisa.

2. Nyasi zikifa, chimbeni kabla ya kununua. Sababu ipo chini, na mara nyingi haipo dukani.

3. Anzeni na maji: yanatoka wapi, yanakwenda wapi, na jirani wa chini anasemaje. Gata moja lilitusaidia kuliko magunia ya mbolea.

4. Mfinyanzi usiguswe ukiwa maji. Usilimwe, usikanyagwe, usipitishwe gari.

5. Mboji kidogo kila msimu ni bora kuliko nyingi mara moja. Na iwe imeoza.

6. Mwagilieni mara chache, maji yazame, si kidogo kila siku. Mkikata, msiondoe zaidi ya theluthi ya urefu, na msishuke chini ya sentimita 5.

7. Mfinyanzi si adui. Unashika rutuba na maji kuliko mchanga. Februari hii nyua za wenye mchanga zilikauka na wetu ulibaki.

La mwisho si la udongo. Tulikaribia kugombana ndugu kwa ndugu juu ya uwanja ambao Baba aliutengeneza ili tukae pamoja. Jirani tuliyemwingizia maji ndiye aliyetufundisha, na ndiye aliyekuwa na nyasi zetu. Tusingejua lolote katika hayo kama siku ile tungempokea kwa ukali.

Mwombeeni baba yetu maghfirah, na Mama na Hajji afya njema.

Wassalaamu 'alaykum wa Rahmatullaahi wa Barakaatuh.